Mama na Mionzi ya Angani

Asubuhi ya kuondoka Malindi kwenda Mtwara, mama alinipikia vibibi taratibu mno, akiomba gari liniache. Harufu ile ya nazi na iliki huniandama kila ninakokwenda. Nikamsomea habari kwenye simu: wataalamu waliwapiga panya mionzi mfano wa ile ya angani, wajue itawafanya nini watu watakaosafiri hadi Mirihi. Baadhi ya panya waliingiwa na woga, wakapoteza hamu ya kuchunguza vitu vipya.

Mama akafunika kikaango. "Na hamu ya kutangatanga?"

"Huenda nayo ikaisha."

"Basi mwanangu, nenda ukapigwe kidogo, nusu kijiko tu, utulie. Mtu mzima waruka kama panzi!"

Nikacheka, nikaendelea kusoma. Panya wengine walipoteza kumbukumbu, wakashindwa kutambua hata mahali walipopazoea.

Mama akavifunga vibibi vyote, vya moto vile vile, akanitia mkononi.

"Usipigwe," akasema. "Hamu yako kaa nayo. Ila Ramadhani nataka nikuone hapa, umekaa, wala usiniulize nyumba ni ipi."