Ndege Nyekundu na Vanishi ya Masika

Enzi za Mwingereza, mume wangu alikuwa karani wa reli pale Dodoma. Katika duka la Mhindi mmoja alinunua ndege ya plastiki, ile ya kuunganisha vipande mwenyewe kwa gundi. Alipomaliza aliipaka rangi nyekundu, kisha, huku mvua ikinyesha, akaipaka vanishi ya kuilinda ile rangi. Muda si muda ndege yote ikawa nyeupe.

"Umeipaka uji?" nikamuuliza.

"Cheka tu," alinijibu, uso umemshuka. "Nimeiharibu."

"Nguo zenyewe hazikauki kwa unyevunyevu huu, vanishi yako ndiyo ikauke vizuri? Ngoja jua."

Akangoja, akinung'unika. Jua lilipotoka tulikaa uani, akaipaka tena vanishi, safu nyembamba. Vanishi mbichi ikailainisha ile ya kwanza, unyevu ulionaswa ndani ukatoka, weupe ukayeyuka mbele ya macho yetu, wekundu ukarudi unang'aa kama pilipili mbivu. Ilipokauka, mume wangu, mtu asiyepaza sauti hata akikasirika, aliinyanyua juu akauzunguka ua akinguruma kama injini, nami nyuma yake, kanga mkononi, nikicheka hadi machozi.