Lifti ya Boti Kwenye Maji ya Magoti

Mume wangu alipostaafu katika kiwanda kimoja cha Thika ambako alikuwa akisimamia mitambo, nilidhani atafuga kuku. Wenzake wengi walifuga kuku. Yeye alinunua boti.

Haikuwa boti ya kuvulia samaki. Ilikuwa boti ya mchezo, nyeupe yenye mstari wa buluu, ya kumvuta kwa kamba mtu aliyesimama juu ya ubao ili ateleze kwenye wimbi linaloachwa nyuma. Ndani yake mna matangi yanayojazwa maji makusudi, boti izame kidogo na wimbi liwe kubwa. Aliinunua kwa mzungu mmoja wa Naivasha aliyekuwa akirudi kwao, akaileta kwa trela mpaka Ruiru, kwenye bustani yetu ya nyama choma iliyo kando ya bwawa la shamba la kahawa. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nikakuta wateja wameacha sahani zao wakienda kupiga picha nayo.

"Vijana wa mtaa wa Kahawa Sukari wataacha kwenda kula nyama Kamakis," aliniambia. "Watakuja hapa."

"Na hilo bwawa lina maji ya kutosha?"

"Si maji ni hayo unaona, mama watoto."

Maji niliyaona. Shida ni kwamba upande wetu bwawa halina kina. Unaweza kutembea ndani mpaka uchoke na bado maji yako magotini, na chini kuna tope jeusi linalovua watu viatu. Kila tulipotaka kuishusha boti, trela ilizama na tukalazimika kuomba trekta. Kuiacha majini hakutaka, kwa kuwa aliyemuuzia alimwonya kwamba ukoko wa kijani ungeshika chini yake na kuharibu rangi. Ndipo akasema tunahitaji lifti.

Lifti ya boti ni fremu ya chuma yenye miguu minne inayosimama ndani ya maji. Katikati kuna mihimili miwili iliyovikwa zulia, inayoning'inia kwa nyaya. Ukizungusha mkono wa winchi inayovuta nyaya hizo, mihimili inashuka chini ya maji na boti inaelea juu yake. Ukizungusha upande wa pili, mihimili inapanda na boti mpaka inakaa juu, kavu kabisa. Aliichora mwenyewe kwenye meza yetu ya kulia, na fundi wa kuchomelea wa Thika akaiunda. Ilikuwa kazi safi, hilo siwezi kumnyima.

Waliisimamisha mvua zikiwa zimeisha tu, bwawa limejaa mpaka hata upande wetu maji yanafika kiunoni. Ikafanya kazi. Boti ilishuka polepole, ikaelea, naye akaizungusha bwawani huku wapishi wangu wakipiga makofi. Nilimwona akicheka peke yake kule katikati, nikafurahi kwa ajili yake. Alikuwa amekaa miaka mingi ndani ya kelele za mashine, na sasa alikuwa mahali peupe.

Kisha kiangazi kikaingia, na shamba la kahawa likaanza kuvuta maji ya kunyunyizia mimea. Bwawa ni lao, ufuo tu ndio wetu. Maji yalirudi nyuma kidogo kidogo, na mume wangu akawa anaamka asubuhi kwenda kuyatazama.

Jumamosi moja likaja kundi la vijana wa kanisa kutoka Thika, wameagiza mbuzi mzima na kuahidiwa boti. Walikuwa wamevaa majaketi ya kuelea, wamejipanga kwenye ufuo. Mume wangu akazungusha winchi. Mihimili ikashuka, ikagusa tope, ikasimama. Boti ilikuwa bado imeikalia kama ng'ombe aliyelala. Maji yalikuwa yakiilamba pembeni tu.

"Sukumeni," akasema.

Wakasukuma. Haikusogea.

Akafungua matangi ili maji yaliyokuwa ndani yatoke na boti iwe nyepesi. Ikainuka kidogo sana, ikarudi kukaa. Akawaita wapishi wangu wawili. Nikabaki na moto, mbuzi, na meza zilizokuwa zikiuliza ugali uko wapi. Nilipotoka tena kuangalia, mguu mmoja wa lifti ulikuwa umezama kwenye tope, fremu nzima imeinama, na boti inaangalia mbinguni kwa upande mmoja. Vijana walikuwa wameanza kurekodi kwa simu.

"Baba watoto, waambie leo haiwezekani," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Itawezekana. Hii ni hesabu tu."

"Wamengoja tangu asubuhi."

"Wacha nifanye kazi yangu."

Vijana wakala mbuzi, wakaondoka kwa adabu. Adabu yao iliniuma kuliko kama wangelalamika.

Wiki zilizofuata zilikuwa za namna hiyo. Aliweka vipande vya bamba chini ya miguu ili isizame, vikazama pamoja na miguu. Alisogeza lifti mbele zaidi, kwenye maji ya mapaja, akajenga njia ya mbao ya kuifikia. Siku mbao zilipokamilika, shamba likavuta tena na maji yakawa ya magoti pale pale. Akasogeza tena. Wapishi wangu walikuwa wakija mezani na suruali zenye tope. Nikimuuliza jambo lolote, hata kama ni la gesi au la mboga, alinijibu kwa vipimo vya bwawa.

Kilichonichosha si lifti. Kila mtu pale alijua kwamba kina kiko upande wa pili, kwenye ukuta wa bwawa, ambako maji hayapungui sana hata wakati wa kiangazi. Ukuta ni wa shamba. Na meneja wa shamba hakuwa akisalimiana na mume wangu, kwa sababu ya maneno waliyorushiana kuhusu muziki wetu wa Jumapili.

"Muombe," nilimwambia.

"Huyo sitamuomba kitu."

"Basi boti itakaa hapo kama kabati."

Alichukua spana akaenda majini.

Asubuhi iliyofuata nilivaa sweta nzuri nikazunguka bwawa kwa miguu mpaka ofisi ya shamba. Meneja alikuwa mtu wa makamo, anakunywa chai nje karibu na mahali pa kuanikia kahawa. Nilimsalimia, nikamweleza yote, hata ile habari ya vijana wa kanisa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Nimekuwa nikiwaona mkihangaika," akasema. "Nikajiuliza, hawa kwani hawawezi kuja kuuliza?"

"Mzee wangu alidhani utakataa."

"Ningekataaje kitu sijaulizwa?"

Alitupatia pembe moja ya ukuta, mbali na bomba la pampu yao. Alitaka tusimwage mafuta majini, na muziki upungue watu wakiwa kanisani. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi ya nilivyotoka, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

"Ulienda kwake," mume wangu alisema nilipomwambia.

"Nilienda."

"Bila kuniambia."

"Ningekuambia ungenizuia."

Alichukua kofia akatoka. Nilidhani ataikataa hiyo pembe. Lakini kulipokucha nilimkuta akilegeza nati za lifti, na trekta imeitwa. Waliivuta pamoja na boti mpaka upande wa pili, wakaisimamisha kando ya ukuta kwenye mawe badala ya tope, maji yakifika kifuani. Alizungusha winchi. Mihimili ikapotea chini ya maji, na boti ikaelea bila mtu kuigusa.

Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta. Nilingoja neno. Akajifuta mikono, akaniangalia kutoka chini, akasema, "Si nilikuambia lifti haina shida."

Nilitaka kumrushia kiatu. Badala yake nilimwambia nilichokuwa nimekibeba miezi yote ile, kwamba wapishi wangu si mafundi wake, na kwamba kuomba ruhusa hakumpunguzii mtu kimo. Niliyasema mbele ya dereva wa trekta, ambaye aligeuka akaanza kukagua tairi lake. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado amesimama ndani ya maji. "Sawa," akasema. "Nimesikia." Kwa mtu kama yeye hayo ni maneno mengi.

Jumapili iliyofuata alifunga mbavu za mbuzi kwenye foili, akawasha boti, akavuka bwawa kwenda kwa meneja. Alikaa huko mpaka saa za chakula zikapita, bustani ikiwa imejaa, na mimi peke yangu nikitafuta meza ya kukalisha watu waliotoka Thika kuja kuona hiyo boti.