Leso Juu ya Televisheni

Juzi kiongozi wa vijana wa kanisa letu hapa Migori alinitumia ujumbe kwa simu: "Auntie, tupendekezee vitabu na filamu za vijana Wakristo. Ziwe safi." Nilicheka peke yangu jikoni hadi maharagwe yakashika chini ya sufuria. Hilo neno safi lilinirudisha Rangwe, miaka ya tisini, ndani ya kanisa la mabati, jasho likinitiririka mgongoni na macho yangu yote kwenye televisheni.

Basi sogea nikusimulie, maana najua nawe ulikuwa na Jumamosi zako.

Mke wa mchungaji wetu, ambaye sote tulimwita Mama Pastor, alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu, chini ya kitanda chake. Aliazimisha kila aliyeomba. Lakini siku ya kurudisha hukuondoka hivi hivi. Mlikaa uani mkichambua omena, wale dagaa wa ziwani, wewe ukimsimulia kitabu chote tangu mwanzo, na mwishoni alikuuliza swali lile lile: "Na wewe ungefanyaje?" Ukijifanya mtakatifu, ukasema ungeomba na kusamehe kila mtu, alikutazama tu, kisha akakusogezea omena zaidi. Nilisoma vya mayatima, vya wamishonari, vya wasichana waliowadanganya mama zao. Nyumbani kwetu kitabu kilikuwa kimoja tu, cha nyimbo, kwa hiyo sanduku lile ndilo lililonilea. Mpaka leo nikisikia harufu ya omena napata hamu ya kusoma.

Filamu zilikuja mara moja moja. Mama Pastor alizikodi Homa Bay mjini, kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka pwani, muuza vitambaa ambaye kwenye rafu ya nyuma alikuwa na kanda za video. Yule baba alituchagulia kwa uangalifu kuliko wazee wetu wenyewe. "Hii usichukue, mama," alisema. "Wanangu mwenyewe sijawaonyesha." Jumamosi mchana tulifunika madirisha ya kanisa kwa magunia, tukawasha jenereta ya vipaza sauti, na Mama Pastor akaketi kando ya televisheni na leso mapajani. Watu wa kwenye filamu wakianza kukumbatiana kupita kiasi, aliinuka taratibu akaitandaza leso juu ya kioo. Tulibaki kusikiliza tu, na nakuhakikishia tulielewa yote.

Sasa, palikuwa na mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu, mshika funguo. Hakuipenda televisheni hata kidogo. "Leo sinema katika nyumba ya Mungu," alisema, "kesho mtaleta disko." Alikuwa mtu mkali, lakini ukali wake ulikuwa umezidi tangu binti yake alipokwenda Osiri kuishi na mchimba dhahabu, bila harusi, bila hata ng'ombe mmoja kufika kwa baba. Dada yule ndiye aliyenifunza kusuka nywele. Mzee alitangaza mbele ya watu kwamba boma lake halimjui, na tangu siku hiyo mkewe, aliyekuwa na sauti ya kutikisa mabati, akaacha kuimba kanisani.

Mzee akatoa neno: angekuja kuitazama filamu moja mwenyewe. Isipomridhisha, televisheni na sanduku la vitabu vingefungiwa stoo, na funguo anazo yeye. Wiki ile sikula vizuri. Nilimwomba Mungu filamu iwe na malaika.

Haikuwa na malaika. Ilikuwa ya fundi seremala mmoja aliyemfukuza binti yake, akaapa kwamba msichana hatakanyaga tena kwake. Miaka inapita, seremala anazeeka, na siku moja mvua inanyesha, binti anasimama mlangoni na mtoto mgongoni, anabisha. Nilimchungulia mzee, kofia yake i magotini, anaikunjakunja kama tambara. Seremala akainuka kitini. Akaukaribia mlango. Wakati huo nikamwona Mama Pastor akitoka nje, na papo hapo jenereta ikazimika.

"Petroli imeisha," alisema aliporudi.

Tulilalamika sote. Mimi nilikaa karibu na mlango, na jerikani iliyokuwa pale nje haikuwa tupu.

"Alifungua?" Ilikuwa sauti ya mzee. "Mama Pastor, wewe uliitazama yote kwanza. Si uniambie. Huyo baba alifungua?"

"Na wewe, Mzee," Mama Pastor akamwuliza kwa upole, "ungefanyaje?"

Mzee alivaa kofia yake mle mle kanisani, jambo alilotukataza maisha yake yote, akatoka. Mimi nilikwenda nyumbani nikalia, nikajua vitabu vyetu vimekwisha.

Jumatatu hakuonekana shambani. Mkewe alimnong'oneza dani, bibi yangu, kwamba mzee amekwenda Osiri, tena amebeba sukari. Majirani walishika midomo. Baba mzima, kwenda na sukari kwa mkwe ambaye hajatoa hata mbuzi! Lakini Jumapili dada yule alikuwa ameketi kanisani na mtoto mapajani, na wimbo wa kwanza ulipoanza, mama yake aliimba hadi dani akadondosha miwani. Baada ya ibada mzee alisimama kutoa matangazo, akakohoa. "Hizo filamu ziendelee," alisema. "Ila petroli ijazwe."

Mambo hayo yote yamekwenda. Kanisa ni la mawe sasa, duka la yule muuza vitambaa linauza simu, na vitabu vya sandukuni vililiwa na mchwa. Vijana wetu hutazama kila mtu peke yake, kichwa kimeinama, na hakuna anayewauliza wangefanyaje. Nazitamani Jumamosi zile, na Mama Pastor namkumbuka zaidi. Orodha ya filamu safi sina. Nimemjibu yule kijana awalete wenzake kwangu Jumamosi, omena nitanunua mimi.

Na nitawasimulia hiyo ya seremala, ingawa mwisho wake sikuuona kamwe, maana kanda ilirudi Homa Bay kabla hatujaimaliza. Nilikuja kumwuliza Mama Pastor nikiwa mtu mzima, yeye ameshakuwa mzee, tumeketi uani mwake na ungo wa omena katikati yetu. "Niambie sasa, Mama, seremala alifungua mlango?"

"Hakufungua, nyathina, mwanangu," alisema, akaendelea kuchambua.