Wadudu Wazima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha nyama pale Nyakato, nilimkuta Fundi Mkuu, Mhaya wa Muleba, amesimama kando ya shimo la saruji lililofunikwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Hawa bado. Anza na wao."

Akanipa ndoo ya mavi ya ng'ombe. Shimo lile tuliliita tumbo. Ndani yake waliishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Walikula mavi na damu ya machinjioni, wakatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyochemsha maji ya kiwanda. Ukiwalisha mno, tumbo linachacha, ukiwasahau, wanakufa. Mimi niliishia darasa la saba. Hayo alinifundisha yeye. Kila asubuhi aliandika kwenye daftari la zamu: "Wadudu wazima."

Miaka ya tisini kiwanda kikabinafsishwa. Tukaanza minofu ya sangara, na tumbo letu tukalilisha matumbo ya samaki. Watu wakaanza kupunguzwa kazini. Fundi alipokwenda kwao kumzika mama yake, aliniachia daftari. Niliandika kama yeye, nikaongeza la kwangu: "Wadudu wazima, tena wengi."

Meneja mpya alilisoma siku moja kabla ya wakaguzi kufika.

"Wadudu? Kwenye kiwanda cha chakula?"

"Ni wadudu wa kazi, bosi. Ndio wanaotupa gesi."

"Wa kazi? Basi nao tuwapunguze." Makarani wakacheka. "Mwaga klorini humo. Au nianze na wewe?"

Nilijua itawaua. Nilikuwa na watoto wanne. Nikamwaga madumu matatu.

Fundi aliporudi, alifungua bomba la jiko la majaribio, akawasha kiberiti. Njiti iliungua mpaka vidoleni, jiko halikuwaka.

"Nani amemwaga dawa?"

"Mimi."

"Ulijua?"

"Nilijua, fundi."

Hakunigombeza. Alichukua daftari, akaandika: "Wadudu wamekufa." Jina langu hakuliandika.

Gesi ilipokosekana, Meneja alisema Fundi ndiye aliyeharibu mtambo, akampunguza. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni mwa ofisi yake, nikanyamaza. Tumbo likafukiwa kifusi. Mimi nikahamishiwa bohari, nikakaa huko mpaka nilipostaafu. Fundi alifia Muleba. Nilikwenda kumzika, na hata pale sikumwambia mjane wake ukweli.

Cheti changu cha kustaafu kinasema nilikuwa mtumishi mtiifu. Sijakitundika.