Fundi Aliyetuulia Wahusika Wote

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wote na kwa akili zangu zote za shule ya jioni, kwamba mtu akimaliza riwaya hadi ukurasa wa mwisho, na siku zake mwenyewe zinakwisha. Msinicheke. Mji mzima wa Kasongo uliamini, tangu sokoni mpaka misheni, na habari ilipanda pikipiki ikafika Kabambare na Salamabila kabla tope la barabara halijakauka. Chanzo chake ni fundi cherehani mmoja wa sokoni, msomaji kuliko maprofesa wote wa Maniema wakipakiwa kwenye lori moja, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona na nusu ya pili ya kitabu. Alisoma nusu ya mbele tu, yenye jalada. Ya nyuma ilikuwa imekatwa kwa mkasi wake, safi kama pindo la kanzu. Tukasema huyu ameonywa na wazee, anajikinga. Sasa fundi amefariki, ghafla, akiwa amekaa mbele ya cherehani yake, Mungu amrehemu. Na mapajani, wasomaji wangu, walimkuta na riwaya nzima, haijakatwa.

Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu alituchosha. Nilipomaliza masomo nilimpelekea kitambaa cha suruali ya kuvaa siku ya kupokea diploma. Nilipokwenda kuichukua, suruali ilikuwa na mguu mmoja na fundi alikuwa na hasira. "Kaa," akaniambia. "Nimesoma romani moja. Binti wa mwenye duka anapenda mupiga filimbi. Kila wakigombana, mvua inanyesha. Weye ulishaona wapi mvua yenye kungojea watu wagombane? Kule Wamaza mvua inanyesha, watu wako nalima." Nikamuuliza habari ya suruali. "Suruali itakuja. Sikiliza mwisho: wamekufa wote. Binti, mupiga filimbi, baba yake, mpaka mbuzi."

"Mpaka mbuzi, fundi?"

"Mpaka mbuzi. Waandishi wa siku hizi hawana huruma. Wakichoka, wanachinja."

Siku ya diploma nilivaa kanzu ya jirani yangu, mtu mnene kuliko ghala la mpunga, nikapita mbele ya wageni kama hema linalotembea.

Alikuwa na maoni mengine, na mengi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yaliudhi zaidi. Alikereka na mashujaa wasiosafiri: "Ametoka Lusangi, mustari wa pili iko Kindu. Pikipiki haikukwama? Hakusukuma?" Alikereka na matajiri wa vitabuni ambao hawashoni nguo hata mara moja, ila kila wakiingia mlangoni wamevaa vizuri. Lakini hukumu yake ilirudi palepale: wote wamekufa. Riwaya ya arusi, wamekufa. Riwaya ya wachimba dhahabu, shimo limewafunika wote. Riwaya ya mjane mchekeshaji, ambayo niliisoma mwenyewe karibu yote na mbavu zangu bado zinauma, hata huyo naye, kafa. Na aliyajuaje haya, mtu asiyegusa kurasa za mwisho? Tulisema anaoteshwa. Hilo nalo niliamini. Mimi mwenyewe nikaacha kumaliza vitabu, hata kile cha jiografia cha shule ya jioni, na swali kubwa la mtihani likatoka katika sura niliyoikimbia.

Ila fundi hanikeri kama tunavyokera sisi wenyewe. Kwetu kitabu hufika nyuma ya pikipiki, kimefungwa nailoni pamoja na betri na sabuni. Wanaokisoma ni wachache, wanaokizungumza ni soko zima. Niliwabembeleza vijana wa shule ya jioni wasome, wakanijibu, "Ya nini? Fundi ameshasema wamekufa." Sikio halilali na njaa, walisema wazee, na la Kasongo limenenepa mpaka limeziba macho. Tunajua dhahabu ya Salamabila imeisha, tumeambiwa. Siku ileile wachimbaji wanarudi nayo mfukoni. Tunajua kitabu ni kibaya, tumeambiwa. Mtu aliyesema hakuangalia, nasi hatukumuuliza, na uvivu huo tunauita heshima. Somo langu kwa msiba huu ni dogo na limechelewa: mtu akikupa mwisho wa jambo, muulize ameupata wapi.

Maana siku ya matanga vitabu vilikaribia kuteketea. Kaka mkubwa wa marehemu alitoa sanduku la riwaya uani, akaomba kiberiti. "Buku ndio zimeua mudogo wangu," alisema. "Amejaribu kumaliza moja, munaona." Mjane wa fundi, mwanamke mpole ambaye nilidhani hajawahi kufungua kitabu zaidi ya Msahafu, alilishika sanduku kwa mikono miwili akasema hivyo ndivyo vitu pekee alivyobaki navyo vya kuzungumza na mumewe. Kaka akanitazama mimi, mtu wa diploma. "Basi chukua weye, uende nazo." Nikarudi nyuma hatua ya kutosha kufika Kabambare. Mjane akaniangalia kwa uchovu mkubwa.

"Shemeji, weye pia?"

"Mama, alikuwa nayo nzima mapajani."

"Ilifika asubuhi ile. Tulikuwa hatujaikata." Akaingia ndani, akatoka na kapu limejaa nusu za nyuma, zote, zimepangwa vizuri. "Buku inakuja moja, sisi tuko wawili, hakuna mwenye kutaka kungojea. Yeye anasoma mbele, mimi nyuma. Jioni namuuliza mwanzo, yeye ananiuliza mwisho. Hizi zote nimemaliza mimi, shemeji. Na niko hapa, napika chai ya matanga."

Kaka wa marehemu akaweka sanduku chini taratibu, akakirudisha kiberiti kwa mwenyewe. Wanaume uani wakaanza kutazama viatu vyao. Nilisogea, nikainua nusu ya nyuma ya ile riwaya ya mjane mchekeshaji, nikafungua ukurasa wa mwisho. Mjane wa kitabuni alikuwa hai, anauza samaki, ameolewa tena.

"Lakini fundi alituambia wamekufa wote," nikasema. "Kila kitabu. Mpaka mbuzi."

"Alikuwa ananiuliza mwisho wakati niko nasonga bugali," alisema. "Nikimwambia wamekufa, alikuwa haulizi tena."