Mvua! Anueni!

Asubuhi ile mimi na mume wangu, Masalu, tulianika dagaa mchangani kama kawaida, hapa mwaloni kwetu Mwanza, ufukweni wanakoshushia samaki. Alikuwa akinitania kwamba nanuka dagaa hata kanisani. Nikamjibu, "Mbona ukiwala husemi?" Mchana mtandao ukakatika. Huko mjini Nyamagana watu walikuwa wameingia barabarani kudai kura zao, na risasi zikaanza kulia.

Alasiri balozi wetu wa nyumba kumi akapita na kipaza sauti: ikifika saa kumi na mbili kila mtu awe ndani, nchi yetu ni nchi ya amani. Nyuma yake walitembea askari wenye bunduki. Amani gani hiyo, jamani, ya kututisha sisi wauza dagaa?

Tukajifungia, dagaa wakabaki mchangani. Saa ya amri ilikuwa imepita kidogo tu wingu lilipotanda ziwani.

Mtu wa mwaloni akisikia ngurumo hafikiri, miguu inatangulia. Dagaa wakilowa wameharibika, kwa hiyo anayeiona mvua kwanza huwaita wenzake wote.

Masalu akatoka mbio. "Mvua! Anueni!"

Mlio mmoja.

Aliangukia dagaa, turubai mkononi. Kila dirisha lilikuwa na macho. Mwanangu Neema alinishika kiuno nisitoke, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Askari waliuchukua mwili. Siku chache baadaye balozi akaja. "Pole, Mama Neema. Mwili mtapewa. Ila kwenye wasifu wa marehemu isisomwe risasi. Isomwe presha."

"Presha ya bunduki, balozi?"

"Usinitafutie matatizo, mama. Unataka kuzika, hutaki?"

Nilitaka kuzika.

Makaburini shemeji yangu akasoma: alizaliwa, alioa, alipenda watu, presha ikampanda ghafla. Balozi alisimama karibu yake, mikono nyuma. Nikawatazama majirani, wale wale wa madirishani, nikingoja hata mmoja akohoe. Wakaitikia wote, "Amina."

Miaka imepita. Kila uchaguzi balozi hupita na kipaza sauti chake kutukumbusha amani. Neema akiulizwa shuleni baba yake alikufa na nini, hujibu presha, upesi, kama mtu anayetaja jina lake.

Na mvua ikija, tunaanua. Kila mtu anaanua dagaa wake, kimya. Hakuna tena anayeita.