Kulaza, Kugusa, Kuharibu

Wavuvi wa Lweba hawasemi wameua samaki. Wanasema wamepandisha. Nilikaa nao msimu mmoja nikivuta nyavu, nikawauliza kwa nini, wakacheka na kuniambia samaki anajifia mwenyewe akishaonja hewa. Niliacha shule mapema, na tangu hapo masomo yangu yote nimeyapata kwa kutembea na kuuliza. Nimebeba magunia Baraka, nimesukuma pikipiki kwenye matope ya Misisi. Nikifika mahali pageni natafuta kwanza sufuria iko wapi, halafu nasikiliza watu wa hapo wanaiitaje kazi yao.

Kwa hiyo nilipofika Lubondja nikajishikiza kwa wawindaji. Walihitaji mtu wa kubeba nyavu, nami nina mabega. Mkubwa wao alikuwa mwenye mbwa, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye mbwa wake walivaa njuga za mti shingoni ili wasikike porini. Siku ya kwanza walipata swala wa msituni, mnene, na mimi nikataka kuwasifu.

"Lakini leo mumeua kabisa!" nikasema.

Mikono yote ikasimama juu ya nyama. Mwenye mbwa akapangusa kisu kwenye majani.

"We mupita-njia," akasema, "kuua ni ya batu kwa batu. Benye kuuana tunabajua, balipita hapa na bunduki zabo. Siye tunalaza."

Nilidhani ni adabu tu, kama watu wanavyosema marehemu amepumzika. Nilikosea, na nilifurahi kukosea, maana ndipo nilipoanza kuuliza kila kitu hadi wakachoka nami. Walikuwa na neno kwa kila hali ya mnyama. Mkuki ukimpata juu juu akakimbia mzima, umegusa. Akianguka mbele ya macho yako, umeangusha, lakini bado hujamaliza. Ukimkuta amekwisha kufa kwenye mtego, umeokota, na hakuna wa kukusifu. Kulaza kuna sharti lake: unachukua bua la jani, unasogea kwa upande wa mgongo, unagusa jicho. Jicho lisipotikisika, umelaza. Kabla ya hapo, hata mnyama akiwa amelala chali ulimi nje, hakuna mwindaji wa Lubondja atakayekubali ulitamke neno hilo.

Na kulikuwa na neno moja ambalo nilisikia mara chache, kwa sauti ndogo. Kuharibu. Umemchoma mnyama kwa ndani, naye ameondoka na maumivu yake, na hujui yuko wapi. Mtu aliyeharibu anapaswa kuzunguka nyumba zote zenye mashamba upande ule, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, na watu wasishuke mpaka mnyama apatikane. Kijiji kizima kinakaa bila kwenda shambani kwa sababu ya mkono wako. Ndiyo maana neno lile ni zito mdomoni.

Katika kundi letu kulikuwa na kijana aliyeoa karibuni. Mama-mkwe wake alikuwa mjane, na shamba lake la mihogo lilikuwa bondeni, chini ya msitu, mahali nguruwe wa pori wanapoingia kama kwao. Walikuwa wamechimbua zaidi ya nusu. Yule mama aliona afadhali kung'oa iliyobaki kabla hawajarudi, akaimenya na kuilowesha kwenye kidimbwi pembeni ya mto, akaifunika kwa majani na mawe. Ilikuwa tayari kutolewa. Mihogo ikikaa majini kupita siku yake inayeyuka na kuwa harufu tu, na ile ndiyo ilikuwa ugali wa nyumba yake mpaka shamba la pili likomae.

Basi tukashuka kuwafuata nguruwe. Mwenye mbwa akampa yule kijana nafasi ya mdomo wa wavu, pale mnyama anapotokea, heshima ambayo hakuwahi kuipata. Njuga zikalia upande wa juu, majani yakapasuka, na dume akatoka, mweusi, mkubwa, shingo imejaa. Aliuona wavu, akageuka kando yake. Kijana akarusha. Mkuki ukaingia nyuma ya bega, mti wake ukavunjika, na nguruwe akaenda na chuma mwilini, moja kwa moja kuelekea kwenye matete ya mto.

Tulimfuata kwa damu. Halafu mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyotoa taarifa, na damu yote ikaoshwa. Mwenye mbwa alikuwa mbali, akiwaita mbwa wake waliomfukuza nguruwe mwingine ng'ambo ya kilima. Tuliotafuta tulikuwa wawili, mimi na kijana, na hatukuona kitu. Tukarudi tukiwa tumelowa hadi mifupani.

Njiani akaanza kupanga maneno.

"Imelala," akasema. "Mukuki uliingia wote. Iko mu matete inalala. Kesho tutaenda kuibeba tu."

"Uligusa jicho?"

"Sikia huyu! We ulitoroka masomo, sasa unataka kunifanyia mutihani?"

"Mi nauliza tu. Uligusa?"

Akaongeza mwendo. Nikamwelewa vizuri. Siku yake ya kwanza kwenye mdomo wa wavu, na shamba ni la mama wa mke wake.

Tulipofika kwa mama-mkwe, kijana alisimama nje ya uzio, akageuza bega, kama desturi inavyotaka. Mkwe hamtazami mama huyo usoni wala hazungumzi naye bila mtu wa katikati. Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Mama alikuwa jikoni, moshi unatoka kwenye nyasi za paa, tukisikia anavunja kuni.

"Ingia umuambie mama, imelala," kijana akaninong'oneza.

"Hilo neno mi sibebi."

"Juu ya nini? Ni neno tu!"

"Wenyewe mulinifundisha. Jicho hatukuona."

"Ndugu, fanya hivi, mi nakuomba."

Sauti ya mama ikatoka jikoni. "Banaume, munanong'ona nini kama bibi-harusi? Imelala ao haikulala? Mi kesho asubuhi nashuka kutosha mihogo yangu mu maji."

Kijana akanitazama. Nikamwambia polepole kile alichokijua kuliko mimi: "Kidimbwi kiko pale pale kwenye matete. Atapita hapo, ameinama, kikapu mugongoni."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye shati lake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaniruka mimi, mtu wa katikati. Akabaki na mgongo umeelekea nyumba, akainua sauti ili ifike jikoni.

"Mama. Nguruwe nimeiharibu. Iko na chuma mu mwili, iko muzima, iko kule kwenye mihogo yako. Musishuke."

Kuni zikaacha kuvunjika. Mke wake alikuwa ametokea mlangoni kwa mama yake, akafunika mdomo kwa kitambaa.

"Aksanti, mukwe," mama akajibu mwishowe, naye pia bila mtu wa katikati. "Mihogo itangoja. Lakini kama itaoza, utaikula wewe wa kwanza."

Kabla jua halijazama kijana alikuwa amepita kila nyumba yenye shamba bondeni. Nilimfuata kwa udadisi. Wengine walimpa kiti, mzee mmoja mwanamke alimtukana kwa Kibembe mpaka akakosa pumzi, naye akasimama kuyapokea yote. Mwenye mbwa aliporudi na kuambiwa, aliuliza mti wa mkuki umevunjikia wapi, akaingia ndani, akatoka na mkuki wake mwingine na kumpa.

"Kesho we mbele," akasema.

Asubuhi tukashuka kimya. Njuga za mbwa zilikuwa zimejazwa majani zisilie. Nguruwe alikuwa chini ya ukingo wa mto, juu kidogo ya kidimbwi, kwenye tope, hatua chache kutoka kwenye jiwe ambalo mama hulikanyaga akitaka kuinama. Alikuwa hai. Mbwa wa kwanza alipomkaribia aliinuka kama vile hajachomwa na kitu, akamtupa mbwa ndani ya maji, akatujia. Kijana hakurusha safari hii. Alipiga goti, akaegemeza mkuki ardhini, akamngoja mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, nguruwe alikuwa ameanguka kwa ubavu na kijana anakata bua la jani la kumgusa jicho.

Mama alikuwa amengoja mlimani na wanawake wengine. Aliteremka, akasimama umbali wa heshima, akamuuliza mwenye mbwa:

"Imekufa?"

"Imelala, mama."

"Mi sikuuliza kulala. Hii nguruwe inalala kila siku mu shamba yangu. Nauliza imekufa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwenye mbwa akatazama mbwa wake, akatazama mto, akakohoa.

"Imekufa, mama."

"Basi mi naingia mu maji."

Akapandisha kitenge, akaingia hadi magotini, akatoa mawe moja moja na kuyaweka ukingoni. Mihogo ya juu ilikuwa imara. Ya chini ilikuwa imelainika kiasi cha kubaki na alama za vidole vyake. Aliinusa, michache akaiachia maji, mingi akaihifadhi. Ugali wake utakuwa mweusi kidogo, aliwaambia wenzake, lakini utashibisha watoto. Alijaza kikapu, akapitisha ukanda kwenye paji la uso, akainuka nacho bila kusaidiwa. Njia ya kurudi ilipita katikati ya matete. Akaishika hiyo hiyo, akiwahimiza wenzake wafanye haraka kabla jua halijawa kali.